Afya Nyumbani: Mwendo Uliobadilika

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wa Ilomba, Mbeya, mnaopanda na kushuka kwa miguu kila siku: mtu abadilikapo mwendo, wengi wetu huharakisha kusema, "Ni uzee," au "Karogwa," au, lililo baya zaidi, "Kalewa." Dhana mbaya tumekatazwa. Mtu apepesukaye, miguu kaitanua, huenda hajaonja kileo maishani mwake. Maradhi yameshika sehemu ya nyuma ya ubongo itunzayo mizani ya mwili.

Basi na tutazame kabla ya kusema. Mguu mmoja ukikakamaa na kuchora nusu duara kila hatua, na mkono wa upande ule umekunjwa kifuani, hiyo ni alama ya kiharusi. Udhaifu wa upande mmoja ukianza ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe hadi kesho. Mzee akiinama, akikokota hatua fupi fupi, mkono mmoja haupungi, yamkini ana maradhi ya Parkinson. Ziko dawa za kumpunguzia taabu. Ainuaye goti juu na kubwaga unyayo, mshipa wa fahamu wa mguu umedhurika. Pengine ni ukoma, nao watibika. Na atembeaye akitazama miguu yake, gizani akaanguka, apimwe kisukari.

Watoto nao tusiwasahau. Mwaka 1985, wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walikakamaa miguu yote miwili kwa ghafula, wakawa watembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana. Haukuwa uchawi. Ulikuwa ugonjwa wa konzo, jina litokalo kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Chanzo chake ni sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, unapoliwa siku nyingi bila kitoweo cha kuujenga mwili. Miguu hiyo haiponi kabisa. Kinga yake i jikoni, katika kuloweka na kuanika bila ya haraka.

Yatupasa nini, basi? Tuandike siku mwendo ulipobadilika, mguu upi ulianza, na kama mgonjwa ameanguka. Habari hizo tumpelekee tabibu, kwani zitamsaidia kuliko uvumi wote wa mtaani. Na jirani tuliyemdhania ulevi, tumwombe radhi, kisha tumshike mkono hadi hospitali.

Wabillahi taufiki.