Damu haisubiri daktari: somo kutoka mbio za barafuni

Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi hufanyika kila baada ya miaka minne. Kila inapoonyeshwa kwenye televisheni, watu husimama kidogo kutazama, kisha huulizana inatuhusu nini sisi ambao barafu tunaijua ya kwenye friji na ya kileleni Kilimanjaro. Leo nataka nikuambie kwamba mchezo mmojawapo, mbio za kuteleza kwenye barafu, unatuhusu sana, hasa wewe mzazi. Unatuhusu kwa sababu ya damu.

Mbio hizo ni za aina mbili. Ya kwanza hufanyika kwenye mzunguko wa mita 400, na mara nyingi wanariadha hukimbia wawili wawili, kila mmoja kwenye njia yake, wakishindana na saa. Ya pili ni ya mzunguko mfupi wa mita 111 tu. Hapo watu wanne, watano au zaidi hukimbia kwa pamoja, wakibanana kwenye kona kali. Mwendo wao hukaribia kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa gari katika maeneo ya makazi hapa Tanzania. Chini ya kila kiatu kuna bapa la chuma lenye urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa zaidi kidogo ya milimita moja, lililonolewa vizuri. Kwa lugha nyepesi, ni watu wanaokimbizana wakiwa na visu miguuni. Mmoja akianguka, miguu huinuka, na visu huinuka pamoja nayo.

Waliokatwa wakapona

Mwaka 1994, katika mashindano ya Kombe la Dunia mjini Montreal, Kanada, Mwaustralia Steven Bradbury aligongana na mwenzake na paja lake la kulia likachanwa na kiatu cha mwenzake huyo. Inaelezwa kwamba alipoteza takriban lita nne za damu. Alishonwa nyuzi 111, na ikamchukua mwaka mmoja na nusu kurudi katika nguvu zake. Mwaka 2000 aliumia tena mazoezini, safari hii akavunjika shingo. Hata hivyo, mwaka 2002 alikuwa Salt Lake City, Marekani, kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 1,000. Alikuwa wa mwisho. Kwenye kona ya mwisho wapinzani wake wote wanne walianguka, yeye akapita akiwa amesimama na kuchukua dhahabu. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Australia katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika anguko hilohilo, Mmarekani Apolo Ohno alijikata paja kwa kiatu chake mwenyewe. Alipata fedha na kushonwa nyuzi sita.

Watu wengi huikumbuka hadithi ya Bradbury kama hadithi ya bahati. Mimi kama daktari naikumbuka kwa jambo lililotangulia bahati hiyo: mtu aliyemwaga damu kiasi kile mwaka 1994 alifika hospitali akiwa hai.

Mfano wa pili ni wa kijana wa Kimarekani, J.R. Celski. Septemba 2009, akiwa na miaka 19, alianguka kwenye mchujo wa kuchagua timu ya taifa, na kiatu chake cha kulia kikamkata paja la kushoto hadi kwenye mfupa. Miongoni mwa waliomhudumia alikuwa daktari wa timu, Eric Heiden. Kama jina hilo hulijui, huyu ndiye aliyeshinda mbio zote tano za wanaume za mzunguko mrefu katika Olimpiki ya mwaka 1980 mjini Lake Placid, kuanzia mita 500 hadi 10,000, halafu akaenda kusomea udaktari na kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Miezi mitano baada ya ajali ile, Celski alisimama jukwaani Vancouver akiwa na medali mbili za shaba.

Damu tuliyonayo ni kiasi gani?

Mtu mzima wa kawaida ana takriban lita tano za damu mwilini. Mtoto ana kidogo zaidi. Mtoto wa kilo 20, yaani wa umri wa kuanza shule, ana takriban lita moja na nusu. Hebu chukua ile chupa kubwa ya maji ya dukani uitazame: hiyo ndiyo damu yote ya mwanao. Akimwaga kiasi cha chupa ndogo, ile ya nusu lita, tayari maisha yake yako hatarini.

Ndani ya paja hupita mshipa mkubwa, ateri, unaopeleka damu mguuni kutoka kwenye moyo. Ukikatika, damu huruka kwa kufuata mapigo ya moyo, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Aliyekuwa akikimbia huivuja haraka zaidi kwa sababu moyo wake unapiga kwa kasi. Dakika hizo hazitoshi kusubiri gari la wagonjwa, iwe Montreal au Mbagala. Wa kuokoa ni mtu aliyepo pale.

Wenzetu wa kwenye barafu wamelielewa hilo. Katika mbio za mzunguko mfupi mwanariadha huvaa kofia ngumu, kinga ya shingo, kinga za ugoko, glavu na nguo zilizotengenezwa kwa nyuzi zisizokatika kirahisi. Ncha za mabapa huviringwa ili zisichome. Kuta za uwanja huwekwa magodoro mazito. Kando ya barafu hukaa watu wa huduma ya kwanza ambao kazi yao ni kumfikia majeruhi kabla damu haijaisha. Hawasemi ajali haitatokea. Wanajua itatokea, na wamekubaliana mapema nani atafanya nini.

Na sisi je?

Utaniambia wao wana fedha. Ni kweli, magodoro na nguo zile ni ghali. Lakini kilicho muhimu kuliko vyote hakiuzwi dukani, nacho ni kiganja cha mtu anayejua kubonyeza jeraha.

Visu tunavyo pia. Tuna bati lililolegea kwenye uzio, chupa iliyovunjika uwanjani wanapochezea watoto, panga la shambani, kioo cha dirisha, na bodaboda inayoburuzwa kwenye lami pamoja na abiria wake. Nimewahi kumpokea mtoto wa darasa la pili aliyekatwa na bati chini ya goti. Majirani walikuwa wamemwekea majani ya chai, juu yake unga, na juu kabisa khanga iliyofungwa kilegevu. Alifika midomo imepauka, viganja vya baridi, anahema haraka na kuomba maji. Jeraha lenyewe lilikuwa na urefu wa kidole changu. Alipona, kwa damu ya mtu asiyemjua. Simlaumu mama yake, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha. Lakini mkono wake ungeweza kuizuia damu ile palepale uani.

Majani ya chai, kahawa, udongo, majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, utando wa buibui, kinyesi cha ng'ombe: vyote nimevitoa kwenye majeraha. Havizuii damu kutoka kwenye mshipa mkubwa. Vinachofanya ni kuleta uchafu, na uchafu wa udongo na kinyesi huweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Fanya hivi

Kwanza, bonyeza. Chukua kitambaa safi, khanga au shati, kiweke pale hasa damu inapotoka, na ubonyeze kwa nguvu kwa viganja viwili, uzito wa mwili wako ukiwa juu yake. Usifunue kuchungulia. Endelea kwa dakika kumi kwa saa. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu, uhakikishe unabonyeza mahali penyewe. Kama jeraha ni refu kwenda ndani, kwenye paja, kinena au kwapa, sukumia kitambaa ndani ya jeraha kisha ubonyeze.

Pili, mlaze chini na umfunike apate joto. Usimpe chakula wala kinywaji, hata akililia maji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Tatu, mtu mwingine atafute usafiri wakati wewe unabonyeza. Endelea kubonyeza ndani ya gari au bajaji hadi mtoa huduma atakapokupokea.

Nne, damu ya mkono au mguu ikiendelea kuruka ingawa unabonyeza kwa nguvu, funga kitambaa kipana, kama vidole vitatu au zaidi, juu ya jeraha upande wa moyoni, mbali nalo kidogo, wala si kwenye kiungo. Fundo la kawaida halitoshi. Funga kijiti kwenye fundo na ukizungushe mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, na usilegeze hadi hospitali. Usitumie waya, kamba nyembamba wala kamba ya kiatu, kwani hukata nyama bila kuzuia damu. Kwenye shingo usifunge kabisa, bonyeza tu.

Tano, kama kuna kitu kimechomekwa, kisu, nondo au kipande cha kioo, usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Bonyeza pembeni yake.

Unaogopa maambukizi? Ni hofu ya haki. Vaa glavu, au ingiza mikono kwenye mfuko wa plastiki, kisha ubonyeze. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji mengi. Damu ikikuingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, mweleze mtoa huduma siku hiyohiyo, kwa kuwa zipo dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi na hufaa zikianzwa mapema, ndani ya saa 72.

Mjue pia aliyezidiwa hata kama damu haionekani nyingi. Kwa ngozi zetu nyeusi, usitazame uso. Tazama midomo, ndani ya kope la chini na viganja. Vikipauka, naye akawa na jasho la baridi, anahema haraka, anachanganyikiwa au analala ovyo, huyo amepungukiwa damu. Mkimbize.

Na hata damu ikikoma, jeraha la kina au chafu lifike kituo cha afya siku hiyohiyo lisafishwe, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto.

Ninachokiomba

Naomba kila shule iwe na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, si lile lililobaki na mkasi mmoja wenye kutu. Liwe na glavu, shashi na bandeji pana, na walau walimu wawili wanaojua kuvitumia. Mzazi, kwenye kikao kijacho cha shule uliza swali hilo kabla ya kuuliza la michango.

Naomba vijiwe vya bodaboda vifundishwe. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni bodaboda mwenzake, si mimi. Mafunzo ya kubonyeza jeraha hayamalizi nusu siku.

Naomba tuache kuzunguka majeruhi na simu. Katika umati wa watu thelathini wanaorekodi, anahitajika mmoja tu wa kupiga magoti.

Naomba fomu ya polisi, PF3, isitangulie mbele ya damu. Fomu ina umuhimu wake kisheria na itafuatiliwa. Anayevuja damu apelekwe kwanza kwenye matibabu, ndugu mmoja aende kituoni. Nawaomba na wenzangu tulio kwenye mapokezi tusimrudishe mtu wa namna hiyo getini.

Naomba pia tuchangie damu. Mkono unaobonyeza hununua muda, lakini iliyokwisha kumwagika hurudishwa na chupa iliyoko benki ya damu, na chupa hiyo imetoka kwa mtu aliyejitolea akiwa mzima. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji. Usingoje mpaka ndugu yako alazwe.

Leo jioni, baada ya chakula, mwite mwanao wa miaka kumi au zaidi. Mpe khanga, mwonyeshe pajani kwako namna ya kubonyeza kwa viganja viwili, kisha yeye abonyeze nawe uhesabu dakika. Ataona kumi ni nyingi na mikono itamchoka. Mwambie ndivyo inavyokuwa, na kwamba mkono ukichoka anaita mwingine aweke wake juu, lakini haachii. Tukutane wiki ijayo.