Kompyuta ya mtumbwi, si ya meza

Kila mwaka, wenzetu wa mwaka wa mwisho wanapojitayarisha kwenda kukusanya data, swali linalosikika zaidi koridoni halihusu lugha watakayoitafiti. Ni hili: ninunue kompyuta gani? Majibu huwa ya haraka: kioo kikubwa, jina kubwa, mashine nyembamba inayong'aa. Maoni yangu ni kwamba tunachagua vibaya. Tunanunua mashine ya kuonekana nayo Makiso, kumbe kazi yetu iko Isangi, Opala, Ubundu na Bafwasende. Nami ni mmoja wa waliokosea.

Mwaka jana nilishuka na mto hadi kijiji kimoja cha Walokele. Nilibeba kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua kwa dola 250: kioo cha inchi 17, betri ya saa moja na nusu, na ndani yake diski ya zamani ya kuzunguka. Niliwarekodi wazee wawili wakizungumza kwa lokole, mmoja ukingo huu, mwingine ng'ambo. Kadi ya kinasa sauti ilipojaa, nilihamishia kila kitu kwenye kompyuta, kisha nikaifuta kadi ili nipate nafasi. Siku ya kurudi, mwenye moto alinitoa bandarini hadi nyumbani kwa njia yenye mashimo kuliko lami. Jioni nilipoiwasha mashine, diski ikawa inagonga tu ndani kwa ndani. Fundi aliifungua, akaitazama, akatikisa kichwa.

Miezi michache baadaye nilirudi kijijini kuomba radhi. Mzee wa ukingo huu aliniuliza, "Mwanangu, ulituambia mashine inakumbuka. Sasa imesahau?" Yule wa ng'ambo alikuwa ameshafariki. Mazungumzo yale hayatarudiwa tena.

Tangu hapo nina masharti manne.

La kwanza ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayopita juu yake karibu sana, kwa hiyo mtikisiko mkubwa unaweza kuiua, hasa mashine ikiwa imewashwa. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa mtu wa moto na mtumbwi, ni afadhali SSD ndogo kuliko diski kubwa ya kuzunguka. Ila nayo hufa siku moja. Sauti ya stereo isiyobanwa, ya kilohezi 48 na biti 24, hula takriban gigabaiti moja kwa saa. Saa ishirini za wazee wetu zinaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki. Basi kadi isifutwe kabla nakala hazijawa mbili, na nakala hizo zisisafiri katika mfuko mmoja.

La pili ni umeme. Hapa mjini tunalalamika ukikatika. Huko tuendako hakuna wa kukatika. Chagua kompyuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C, kwa sababu inaweza kuchukua chaji kutoka kwenye betri ya akiba au mfumo mdogo wa jua bila kupitia kigeuzi kinachokula sehemu ya umeme. Tupige hesabu. Paneli ya wati 60 ikipata jua zuri kwa saa nne hutoa watisaa 240. Tuseme theluthi inapotea njiani, zinabaki 160. Betri nyingi za kompyuta ndogo huwa na watisaa 50 hivi. Kwa hiyo hata mawingu ya msitu yakikunyang'anya nusu ya jua, bado unaijaza betri mara moja na zaidi kwa siku. Kwa mashine ya inchi 17 yenye njaa, hesabu hiyo haifiki popote.

La tatu ni kibodi, na hapa sisi watu wa lugha hatuna udhuru. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu na kuandika juu ya lokole mwaka 1949, alionyesha mfano ambao kila mwanafunzi wa hapa angepaswa kuujua. Katika Kilokele, neno lisaka likitamkwa kwa toni za chini zote ni dimbwi la maji. Silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Lokole inazungumza kwa sababu inabeba toni hizo. Kisha tunarudi mjini na kuandika lisaka, lisaka, lisaka, eti kibodi haina alama. Kibodi ya AZERTY au QWERTY si kikwazo. Programu ya Keyman ni ya bure na inakuwezesha kupanga vitufe vya ɛ, ɔ na alama za toni juu yake. Cha kuhakikisha ni kwamba unaandika kwa Unicode, si kwa zile fonti za kienyeji ambazo faili ikifunguliwa kwenye mashine nyingine hugeuka vimraba vitupu. Ijaribu mashine dukani kabla ya kulipa: andika sentensi moja ya lugha yako pamoja na toni zake zote.

La nne ni fundi na mfumo. Praat haihitaji mashine ya nguvu. ELAN na FLEx huenda vizuri ukiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mtumba wa maofisini, wenye mwili mgumu na vipuri vinavyopatikana mjini, unatosha. Lakini uliza umri wake. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Muuzaji hatakuambia. Ukiwa nayo tayari, usiitupe: Linux inaipa maisha mapya, na Praat na ELAN zinafanya kazi humo.

Masharti hayo yanawafaa pia wenzetu wanaonukuu na kutafsiri kwa malipo kwa watu walio mbali. Mteja hajali kioo chako. Anajali kwamba faili imefika siku mliyoahidiana. Betri ya saa sita itakuingizia pesa kuliko kioo cha inchi 17, na nakala iliyobanwa ya MP3 itasafiri kwa mtandao wa simu huku WAV ikibaki salama kwako.

Mmoja wa walimu wetu hupenda kusema kwamba kizazi chake kilifanya utafiti kwa daftari na penseli, na kwamba mashine inatufanya wavivu wa kusikiliza. Kwa heshima zote, mwalimu, nakubaliana nawe nusu. Daftari langu ndilo lililoniokolea majina, tarehe na maana ya baadhi ya misemo. Lakini mapigo yenyewe ya lokole, kasi yake, jinsi mzee wa ng'ambo alivyosita kabla ya kujibu, penseli haikuweza kuyashika.

Tena, si haki kumwachia kila mwanafunzi mzigo huu peke yake. Dola 250 ni pesa nyingi nyumbani kwetu, na anayezitumia vibaya hapati nyingine. Napendekeza kitivo kiwe na sanduku la pamoja: kompyuta tatu ndogo zenye SSD, paneli moja ya jua, vinasa sauti viwili, na diski moja inayobaki hapa kitivoni kupokea nakala za kila anayerudi. Mwanafunzi aazime kwa kusaini, arudishe kwa kusaini. Sisi tulio mwaka wa mwisho tuko tayari kuandaa orodha, kutafuta bei kwa mafundi wa mjini na kuwafundisha wadogo zetu Keyman. Tunachoomba kwa walimu ni kabati lenye kufuli na mtu mmoja wa kushika ufunguo.