Julai Mabingwa, Novemba Wali Maharage

Nimeadimika kidogo, si unajua mambo ya kubukua. Mitihani ya mwisho wa semista ikikaribia huku Mlimani, kila mtu anatembea na desa mkononi, macho mekundu, anaogopa kudisko. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao hata mitihani haiuwezi. Ikifika Julai chumba chetu kinaacha kuwa chumba cha wanafunzi, kinakuwa benchi la ufundi. Nani kasajiliwa, nani kapewa mkono wa kwaheri, kambi inakwenda wapi, kocha kasema nini. Jamaa anayeshindwa kukumbuka fomula moja ya takwimu anakutajia mabao yote aliyofunga mshambuliaji mpya huko alikotoka, hadi yale ya penalti.

Mimi ni Simba, sijifichi. Mnyama damu damu. Leo nataka kuwasema wenzangu na kujisema mwenyewe, kwa sababu hili suala la matumaini ya Julai limeshanigharimu, na sio kwa maneno tu.

Turudi 2023. Timu yetu ilikwenda kambi Uturuki, zikawa zinarushwa picha za mazoezi, vijana wanakimbia kwenye nyasi kijani kibichi, milima nyuma, unaona kabisa hii ni timu ya Ulaya. Wakashuka Che Malone, Fabrice Ngoma, Onana, Kramo, na Luis Miquissone akarudi nyumbani. Simba Day tukawapiga Power Dynamos ya Zambia mbili bila. Kisha tukaenda Tanga kwenye Ngao ya Jamii, Mkwakwani pale, tukawatoa watani kwa penalti. Nani angenishika? Ligi ikaanza, wiki zinakatika, hatujapoteza hata mechi moja.

Novemba 5, 2023, Jumapili. Mimi mwaka wa kwanza, mgeni mjini, boom ndo limeingia. Wakati ule hela ya chakula na malazi ilikuwa inahesabiwa elfu kumi kwa siku. Nikachukua laki moja na nusu, yaani siku kumi na tano za kula, nikaweka mkeka: Simba anashinda. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Ushahidi si nilikuwa nao? Uturuki, Simba Day, Ngao ya Jamii. Nikaenda kibanda umiza mapema kuwahi benchi la mbele.

Mapumziko ilikuwa moja moja, Kibu Denis alikuwa amesawazisha, mimi naimba. Kipindi cha pili sitaki kukisimulia sana. Maxi Nzengeli, Aziz Ki, Maxi tena, Pacome kwa penalti. Tano moja. Watu wa upande wa pili wakaanza kunyoosha vidole vitano, na tangu siku ile hata muuza karanga akinipa tano kwa ishara ya bei naona ananidhihaki. Siku chache baadaye kocha Robertinho akaondoka. Laki na nusu yangu ilikuwa imeshaondoka zamani.

Aliyenilisha wiki ile ni mwenzangu wa chumbani, na jamaa ni Yanga wa kutupwa. Kila jioni ananunua wali maharage sahani mbili, ananisogezea moja, halafu ananyoosha vidole vitano. Nakula kimya. Maharage yale yalinifundisha kuliko lekcha nyingi nilizohudhuria.

Nikiwa nimefulia namna ile, nikaanza kufanya kitu ambacho sisi mashabiki hatupendi, yaani kukumbuka. Nikarudi nyuma nione kama ile furaha ya Julai na Agosti imewahi kusema ukweli hata mara moja.

Chukua 2021. Yanga walikwenda Morocco, wakarudi, kwenye kilele cha Wiki ya Mwananchi wakafungwa na Zanaco mbili moja mbele ya watu wao. Septemba wakatolewa na Rivers United ya Nigeria kwenye Ligi ya Mabingwa, moja bila nyumbani, moja bila ugenini. Tuliwacheka jamani, tuliwacheka ile mbaya. Kilichofuata? Wakamaliza ligi ya 2021/22 bila kupoteza hata mechi moja, na ubingwa ambao sisi tulikuwa tumeushika miaka minne mfululizo ukahamia Jangwani.

Chukua 2022. Agosti 6, Yanga wamefungwa na Vipers ya Uganda mbili bila kwenye siku yao. Siku mbili baadaye, Nane Nane, sisi tukawafunga St. George ya Ethiopia mbili bila kwenye siku yetu. Ukiwa ni mtu wa kusoma dalili, utasema mwaka huo ni wetu. Basi bwana, wao wakachukua ligi, wakachukua Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Sisi kombe hata moja hatukupata.

Sasa mtu ataniambia: ile ni michezo ya tamasha, tunaangalia mazoezi, tunaangalia falsafa ya mwalimu. Haya, tuangalie mwalimu. Mwaka 2022 tuliyekwenda naye kambini Ismailia, Misri, alikuwa Zoran Maki. Tukamsifia, tukasema huyu anajua. Septemba hiyohiyo alikuwa ameshaondoka, kaenda kufundisha hukohuko Misri. Mwaka 2025 tena, Fadlu Davids katupeleka Misri, kaandaa timu, kacheza Simba Day Septemba 10 na Gor Mahia, kacheza Ngao ya Jamii Septemba 16 tukafungwa moja bila na watani, na kabla mwezi haujaisha yuko Raja Casablanca. Mara mbili ndani ya miaka minne, yule tuliyemtazama akipanga koni Julai hakuwepo Oktoba. Kwa hiyo tulikuwa tunachambua falsafa ya nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapomalizia, wanasema tatizo ni kubadilisha makocha. Na mimi nilikuwa naamini hivyo, hadi nilipohesabu. Ule ubingwa wetu wa mara nne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21, unajua tulimaliza na makocha wangapi? Wanne. Lechantre, Aussems, Sven Vandenbroeck, Didier Gomes. Kila taji na kocha wake! Na Yanga msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, wakaja na Ramovic, wakamalizia na Miloud Hamdi, na kombe wakabeba. Kocha ni muhimu, sikatai, lakini hiyo peke yake haielezi.

Nachoona mimi kinaeleza zaidi ni jambo lisilo na picha nzuri ya kurusha: nani amebaki. Ile Simba ya mataji manne ilikuwa na Manula, Kapombe, Nyoni na Bocco, wote walitoka Azam 2017, wakawakuta Tshabalala na Mkude, mwaka uliofuata wakaja Chama na Kagere. Makocha walikuwa wanapita kama daladala, lakini abiria walikuwa walewale na wanajuana. Beki wa kushoto akipanda, kiungo anajua bila kuambiwa kwamba azibe. Agosti 2021 tukamuuza Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda RS Berkane, kwa mpigo. Tulishangilia hela. Msimu huohuo taji likaondoka.

Angalia na upande wa pili. Kuanzia 2022 hadi 2025 Yanga walimpoteza Feisal, wakampoteza Mayele, wakampoteza Nabi. Lakini golini yuko Diarra, mbele yake Job, Mwamnyeto na Bacca, mbele yao Aucho. Mwaka nenda mwaka rudi. Unaweza kubadilisha mapazia ukitaka, nyumba inasimama kwa nguzo.

Naomba niwe mkweli, kuna mwaka unaonipinga. 2024 tulivunja timu karibu yote. Chama alikwenda Jangwani, tukaleta Ahoua, Mukwala, Mutale, Debora, kipa Camara, watu hawajawahi kucheza pamoja. Kauli mbiu ikawa Ubaya Ubwela. Kwa hesabu zangu tulitakiwa tuhangaike. Badala yake Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na ubingwa wa ligi ukaamuliwa kwenye mechi yetu na Yanga, Juni 25, 2025. Kwa hiyo timu mpya inaweza kufika mbali. Sikatai. Ila tazama mwisho wake: fainali tumepigwa na Berkane mbili kwao, sare ya moja moja Zanzibar, mechi ya kuamua bingwa tumepigwa mbili bila. Tulifika mlangoni kote kuwili, na kote kuwili aliyetufungia mlango ni timu iliyozoeana kuliko sisi. Mimi nilisema sawa, huo ndio mwaka wa kwanza wa hao vijana, tuwaache wakae.

Hatukuwaacha. Kiangazi kilichofuata Che Malone huyo Algeria, Manula kwa Azam, na Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha, mtu aliyekuja Msimbazi 2014, akavaa kijani. Wadau, siku ile nilikaa kitandani nimeshika jezi yangu kama nimefiwa. Lakini wenzangu kwenye korido walikuwa wanafanya nini? Wanashangilia utambulisho wa mchezaji mpya. Video ina moshi, ina muziki, ina simba anayenguruma. Nguzo imetolewa, sisi tunapigia makofi pazia.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tatizo sio kwamba tuna matumaini. Shabiki asiye na matumaini Julai huyo atafute mchezo mwingine, akacheze bao. Tatizo ni kwamba tunawapa viongozi wa klabu njia rahisi ya kutunyamazisha. Wanajua kabisa: msimu ukiharibika, leta majina mapya manane, weka kambi nje ya nchi, piga tamasha, uwanja utajaa kwa Mkapa, jezi zitaisha, na hakuna atakayeuliza kwa nini fulani kaachwa aende. Hawahitaji kutudanganya sana, sisi wenyewe tunaidai hiyo dawa. Kila Julai tunaanza upya kama watu waliopoteza kumbukumbu, halafu tunashangaa na timu nayo inaanza upya kila Julai.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu. Likifunguliwa dirisha la usajili sihesabu wanaokuja. Nachukua karatasi, naandika kumi na moja walioanza mechi kubwa za mwisho wa msimu, naanza kukata waliondoka. Wakibaki wanane, natabasamu. Wakibaki watano, nanunua jezi kwa mapenzi tu, sio kwa utabiri. Mechi za tamasha naangalia kwa raha zangu, nacheza muziki, nakula mishikaki, matokeo nasahau njiani. Na kocha simsifii mpaka nimuone Januari.

La mwisho, na hili nawaambia hasa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, maana naona mnavyojazana kwenye mikeka boom likitoka. Penda timu yako, imba hadi sauti ikauke, bishana hadi saa nane usiku. Ila ile hela ni ya kula. Kuna wenzenu walianza hivihivi kwa mzaha, mkeka mmoja wa derby, kisha wa kurudisha hela ya derby, mwishowe mtu anakwenda kwenye mtihani hajala tangu jana, anasoma swali halioni. Mimi niliokolewa na sahani ya mtani. Sio kila mtu analala chumba kimoja na Mwananchi mwenye roho nzuri.

Nilimuuliza jamaa mwaka jana kwa nini alinilisha wakati angeweza kunicheka akaenda zake. Akasema, "Ukifa njaa, msimu ujao nitamcheka nani?" Akanyoosha vidole vitano.

Ngoja nikimbie, kuna semina saa nane. Wiki ijayo nikijaliwa tutaongelea foleni ya maji hosteli. Nguvu moja!