Usinigundue, Niite Tena

Kuna neno linaniudhi kuliko matope ya Aprili huku Mathare: kugunduliwa. Msichana wa mtaa akionekana kwenye filamu, utasikia ati amegunduliwa. Kana kwamba alikuwa amefukiwa chini ya ardhi Mabatini kama bomba la maji, mpaka mtu mwenye kamera akajikwaa juu yake.

Nianze mbali, Berlin, maana hata huko hadithi hii iliuzwa. Tunaambiwa Marlene Dietrich aligunduliwa na Josef von Sternberg kwa ajili ya Der blaue Engel ya 1930. Wapi! Miaka ya ishirini karibu yote alikuwa anasaka kazi: michezo ya jukwaani, kucheza densi nyuma ya wengine, vijisehemu kwenye filamu zaidi ya kumi za enzi ya sinema bubu. Yeye mwenyewe baadaye alipenda kuzifunika hizo filamu za mwanzo. Nyota aliyedondoka kutoka mbinguni anauzika kuliko mwanamke aliyepanga foleni. Lakini foleni ilikuwepo. Kulikuwa na kumbi, kulikuwa na studio za Babelsberg, kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Na Hanna Schygulla je? Fassbinder alimpa kazi mwaka wa 1969, akamwita tena, na tena. Alipochukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin mwaka wa 1979 kwa Die Ehe der Maria Braun, alikuwa na miaka kumi ya jasho.

Wajerumani hao hao wamekuja kwetu. Caroline Link alishuti Nirgendwo in Afrika hapa Kenya, ikatoka 2001, ikabeba Oscar 2003. Juliane Köhler ndiye mama wa hadithi. Mpishi Owuor, aliyeigizwa na Sidede Onyulo, tunamkumbuka vizuri. Mwanamke Mkenya mwenye hadithi yake mle ndani? Mimi sikumwona. Nitawapa haki yao Tom Tykwer na Marie Steinmann: warsha zao za One Fine Day zilituachia Nairobi Half Life ya 2012 na Supa Modo ya 2018, zikiwa na waongozaji Wakenya. Kazi safi. Ila warsha ikiisha, watu hukunja viti wakaenda.

Angalia mpira. MYSA ilianza hapa Mathare mwaka wa 1987. Mtoto akicheza leo, kuna kocha, kuna ligi ya rika lake, kuna wikendi ijayo. Humo ndimo ilimotoka Mathare United, ikachukua ligi kuu 2008. Oliech alipitia pale kabla ya Qatar na Ufaransa. Ni ngazi, mtu anapanda. Dadake anayeigiza anapanda nini?

Mimi naigiza tangu kidato cha pili. Nimeigiza kipindupindu, nimeigiza ukimwi, nimeigiza mimba za mapema, shirika likitoa nauli na soda. Nimezunguka shule za upili na setibuku, nikilia machozi ya kweli saa mbili asubuhi mbele ya wanafunzi wanaowaza chai ya saa nne. Halafu kampuni fulani ikaja kushuti mtaani. Nikapewa siku mbili na mistari sita. Mwongozaji akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba anachopenda kwangu ni kuwa sijafunzwa. Miaka kumi na moja, na sijafunzwa! Siku ya malipo nikaelewa. Asiyefunzwa halipwi kama aliyefunzwa. Lile neno tamu ni bei.

Kwa hivyo wewe unayeandika mtandaoni "talanta mbichi kutoka ghetto," tafadhali. Mbichi ni nyanya.

Na serikali isijifiche nyuma ya wageni. Samantha Mugatsia alishinda mwigizaji bora wa kike FESPACO 2019, kule Ouagadougou, kwa Rafiki, filamu ambayo bodi yetu ya uainishaji ilikuwa imeipiga marufuku Aprili 2018. Septemba mahakama ikaifungulia siku saba. Siku saba! Bara zima linampa heko, nyumbani anahesabiwa siku kama mgeni wa hoteli. Halafu tunaulizana kwa nini mabinti wanaacha sanaa wanaenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani.

Mtayarishaji akija Mathare na kamera, sitamuuliza amegundua nani. Nitamuuliza yule wa filamu iliyopita yuko wapi, na kama alimpigia simu ya kazi ya pili. Nataka mkataba wa kurasa ninazoweza kusoma, jina langu kamili mwishoni mwa filamu, na bei ya mwigizaji aliyezoea kazi.

Kikundi chetu hufanya mazoezi Mathare North kila Jumamosi saa nane. Tuko kumi na wanne, kila mmoja ana karatasi yenye kazi zote alizofanya na miaka yake. Mashirika yasiyolipa pia tumeyaandika, upande wa nyuma.