Damu ya Watoto wa Muheza
Na Zaina Mbwana

Wengi huijua Muheza kwa machungwa. Watafiti wa malaria wanaijua kwa damu ya watoto wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kina mama waliojifungua katika Hospitali Teule ya wilaya hiyo, mkoani Tanga, walikubali watoto wao wafuatiliwe tangu kuzaliwa na kupimwa damu mara kwa mara. Wapo walioandamwa na homa, upungufu wa damu na degedege. Wapo pia wa vijiji hivyo hivyo, wanaoumwa na mbu wale wale, ambao malaria kali haikuwagusa.

Hao ndio waliomvutia Jonathan Kurtis, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Yeye na wenzake walilinganisha kingamwili za makundi hayo mawili, wakisaka protini za kimelea zinazotambuliwa na kundi lililosalimika peke yake. Mwaka 2014, katika jarida la Science, wakatangaza moja: PfSEA-1. Vimelea vikishazaana ndani ya chembe nyekundu ya damu, sharti viipasue vitoke vikavamie nyingine. Kingamwili zinazoinasa PfSEA-1 huvifungia humo humo. Kati ya watoto 453, takriban asilimia 6 walikuwa nazo, na katika kipindi walichokuwa nazo hakuna aliyepata malaria kali.

Protini waliyoitangaza mwaka 2020, PfGARP, inashangaza zaidi: kingamwili zikiinasa, kimelea hujiua chenyewe.

Chanjo zilizopo, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 ya mwaka 2023, humvizia adui kabla hajajificha kwenye ini. Ni hatua kubwa, na Korogwe, jirani wa Muheza, ilishiriki kuijaribu RTS,S. Ila vimelea vikishaponyoka vikaingia kwenye damu, chanjo hizo zimeshapitwa. Huko ndiko ugunduzi wa Muheza unakolenga, na ndiyo maana inakera kuona umekawia kwa panya na nyani wa maabara.

Uangalifu, sawa. Lakini siku majaribio ya binadamu yatakapopangwa, Tanga iitwe mezani mapema, wakati bei na mgao vinajadiliwa, si wakati wa kutafuta mikono ya kuchoma sindano tu. Na wale watoto, ambao sasa ni watu wazima, wana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili chepesi damu yao ilifichua nini.