Proteus Kukubali Si Mradi Kuisha

Wadau, leo nina ugomvi na sentensi moja: "Mradi umeisha, Proteus imekubali." Haujaisha!

Kwa wageni: Proteus ni programu ya Uingereza ya kuchora saketi na kuijaribu kwenye kompyuta, pamoja na mikrokontrola iliyo ndani yake. Sisemi simulesheni ni kazi bure. Kosa la programu ni heri ulione kwenye skrini, ambako hakuna kinachoungua. Tena Wokwi na Tinkercad zinatumika bure kwenye kivinjari, kwa hivyo kisingizio hakuna. Ugomvi wangu ni na wanaoishia hapo.

Tazama Proteus inavyokusamehe kimya kimya. Chora ATmega328P bila kristali, itakwenda tu, maana kasi yake ni nambari unayoiandika mwenyewe kwenye mipangilio. Chipu halisi hutoka kiwandani ikienda megahezi 1. Ukiiwekea programu uliyoiandikia megahezi 16, sekunde moja inakuwa 16! Pini za umeme nazo zimefichwa na zimeshaunganishwa. Kapasita ya nanofaradi 100 kando ya chipu? Haikuulizi. Rilei uliyoisahaulia dayodi? Chipu ya skrini haishtuki. Ya mezani, rilei ikizimika, inaweza kujiwasha upya katikati ya kazi.

Mtasema haya ni madogo. Basi fikiria mashine ya kuangulia mayai. Mayai ya kuku yanataka joto la nyuzi kama 37.5 kwa siku 21. Chipu ikikwama siku ya 18, mkulima hapotezi mchoro, anapoteza vifaranga. Utamwambia kwenye kompyuta ilikubali?

Kuna wanaosema vifaa ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu tunaanza na simulesheni, tusichome chipu kwa kosa la programu. Lakini ughali wa vifaa haugeuzi mchoro kuwa mashine. Jenga kwenye ubao wa majaribio. Pima volti kwa mita. Washa na uzime rilei mara mia. Iache ifanye kazi usiku kucha. Nanyi walimu mnaotoa alama kwa picha ya skrini, dai kitu kinachoshikika.

Proteus ikikubali, umepita mtihani wa kwanza. Wa pili uko mezani. Anayebisha na abishe, ila aje na saketi yake mkononi.