Kiharusi na Mzee wa Baiskeli

Mzee apandaye kilima kwa baiskeli, kisha ghafla mkono mmoja ukashindwa kushika usukani na ulimi ukawa mzito, hudhaniwa kuwa amechoka. Hulazwa kivulini na kupewa maji (nayo yana hatari, maana koo lililolegea huweza kuyapeleka mapafuni). Baada ya robo saa mkono hupata nguvu, naye huendelea na safari.

Dhana hiyo ni ya hatari. Uchovu hulegeza miguu yote miwili. Haupindi upande mmoja wa uso. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna akiba. Bonge la damu likiziba mshipa wake, kiungo hulegea. Likiyeyuka mapema, nguvu hurudi. Lakini chanzo chake, mara nyingi shinikizo kubwa la damu, kingalimo mwilini, na kiharusi kamili huweza kufuata siku ile ile.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta Dar es Salaam viwango vya kiharusi vilivyozidi vya nchi nyingi tajiri.

Jamaa wengine, wakishatishika, huifungia baiskeli stoo milele. Hilo nalo halifai, kwani mazoezi husaidia kushusha shinikizo la damu. Mzee apelekwe hospitali mara moja, asijiendeshe mwenyewe. Akishapimwa na kupewa dawa, daktari ndiye aamue lini atapanda tena.